Kijana wa Pemba avuke maji kuifuata kazi, au kazi ivuke kumfuata yeye?

Mtoa mada

Assalaam alaykum jamani. Naomba tulijadili hili bila ya vyama, ingawa nishamjua atakayeanza.

Kila ukikaa barazani, Chake au Wete, utasikia kwamba Pemba inahamwa. Tutazame hesabu kwanza. Sensa ya 2012 ilikuta watu 406,848 Pemba nzima, ya 2022 ikakuta 543,441. Kisiwa kimeongezeka kwa theluthi, hakijahamwa. Lakini Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake umetoka 593,678 hadi 893,169, nyongeza ya nusu nzima, na sasa unakaribia kubeba nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773. Mtoto anazaliwa Pemba, analelewa Pemba, anasomeshwa na skuli za Pemba, nguvu zikimuingia anakwenda kuzitumia Fuoni, Kariakoo, Mombasa au Muscat.

Sasa tukaja na teknolojia. Agosti 2022 Serikali ilizindua mpango ulioitwa Silicon Zanzibar, pamoja na kampuni ya Wasoko, ili kampuni za teknolojia za Afrika zihamie kwetu. Zikaahidiwa nafuu ya kodi na vibali vya kazi vya haraka kwa wataalamu wao, na makao yake yakawa Fumba, Unguja. Sina ugomvi na Fumba. Ninachokikataa ni ule wimbo unaofuatia, kwamba teknolojia haina mipaka, basi kijana wa Micheweni atakaa kwao na kompyuta yake afanye kazi ya Nairobi. Ofisi imejengwa Unguja, mshahara unalipwa Unguja, kodi ya nyumba inapanda Unguja, halafu Mpemba anaambiwa asubiri mawimbi yamfikie.

Hoja yangu: teknolojia itakayombakisha mtu Pemba ni ile itakayokishika kitu ambacho Pemba tayari inacho. Chukueni karafuu. Bei ya kilo ya daraja la kwanza ilikaa miaka kwenye shilingi 14,000, na mnunuzi kisheria ni mmoja tu, ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar. Kwa hiyo mkulima hana pa kujadili bei. Anachoweza kukipigania ni daraja. Na daraja linaamuliwa na jua. Watu wanachuma mchana kutwa, usiku wanakaa kuchambua, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku, karafuu huku, asubuhi zinaanikwa juu ya majamvi. Mvua ikija siku mbili tatu mfululizo, na vuno kubwa mara nyingi hukutana na vuli, karafuu zinapauka, zinaingia ukungu, na jasho la mwezi linauzwa kwa bei ya chini. Kikaushio kimoja cha nishati ya jua kwa kila shehia yenye mikarafuu kingekuwa na maana kwa familia nyingi zaidi kuliko ghorofa yoyote ya Fumba.

Mfano tunao hapahapa. Kiwanda cha Wawi kinayakamua makonyo, mafuta yanapatikana. Mashine zake hazina maajabu yoyote. Lakini kiko Pemba.

Swali basi: fedha ya umma inayoitwa ya teknolojia iende wapi?

Msimbo

Kaka, mie mzaliwa wa Wete na sasa nafanya kazi ya programu Fumba, kwa hiyo nadhani mimi ndiye mshitakiwa.

Kampuni za aina yetu hazitawanyiki. Zinakaa pamoja kwa sababu fundi akiachishwa hapa leo, kesho anapata pale, na mwenye wazo jipya anapata wa kufanya naye bila ya kupanda boti. Ukiigawa hiyo Fumba vipande vitano kwa usawa wa wilaya, utapata majengo matano matupu yenye walinzi.

Halafu usiseme kazi za mtandaoni hazifanyiki Pemba. Mie nimezifanya nikiwa Wete. Nilikuwa natengeneza nembo na matangazo kwa wateja wa nje. Intaneti ilikuwa inakwama lakini ilifika. Umeme nao si ule wa majenereta ya Wesha, tokea 2010 tunao waya wa baharini kutoka Tanga. Kilichonihamisha ni malipo. Baadhi ya huduma za malipo za nje zinamruhusu mtu aliyejisajili Tanzania kulipa, kupokea haruhusiwi. Fedha zangu zikawa zinapitia kwa rafiki Nairobi, naye anakata chake, na siku akichelewa kuamka mie sina nauli ya Chake. Hilo halitaki kikaushio wala ghorofa. Linataka Benki Kuu na hao wenye huduma wakae meza moja. Hakuna anayelipigia kelele kwa sababu halina jiwe la msingi la kuzindua.

Mkojani

Nyinyi mliosoma mnaliona kuhama kama maradhi. Sisi Kojani babu zetu walikwenda dago, kuvua na kupiga kambi ugenini, baba zetu walikwenda dago, na sisi tunakwenda. Tanga, Mafia, Mombasa mpaka huko mbele. Samaki hana shehia.

Tazameni dago inavyokwenda. Mnaondoka chombo kizima, nahodha anajulikana kwao, mgao unajulikana kabla ya nanga kung'oka: cha chombo, cha nyavu, cha mabaharia. Mtu akiumwa yupo wa kumuuguza. Na mnarudi. Fedha inarudi Kojani, inaoa, inajenga, inanunua mashine ya boti. Huyo kijana wenu wa Fuoni ameondoka peke yake na begi, hana nahodha.

Kwa hiyo msitafute namna ya kutuzuia. Tupeni barafu. Samaki wa Pemba anavuliwa usiku, saa tatu asubuhi mchuuzi anakutazama usoni anajua huna pa kumuweka, bei anaitaja yeye. Mashine ya barafu nayo ni teknolojia au mpaka iwe na skrini?

Mjini Kwetu

Na sisi wa Unguja mtuhesabu pia. Kila anayevuka anatafuta chumba, na viwanja vya mashamba vimekwisha kuwa nyumba. Mvua za masika zikija ni sisi tunaochota maji sebuleni. Si chuki, lakini tusijifanye mji hauna ukomo.

Bi wa Tumbe

Wanangu, nimesoma yote. Mmetaja karafuu, samaki na kompyuta. Mwani ndio wa kutajwa na mie mwenyewe, kwa kuwa ni kazi ya wanawake.

Mwani wa biashara ulianza Paje na Jambiani 1989, kisha ukaja kwetu, na leo mwingi unatoka Pemba. Bamvua ikifika tunaondoka na maji yanayotoka, tunaingia mpaka kiunoni, tunafunga miche kwenye kamba kwa tai-tai, vile vijikamba vyembamba, maji yakirudi nasi tunarudi. Mgongo unaujua wenyewe. Mwani wetu ni wa aina mbili, spinosum na cottonii. Kilo ya spinosum, mkavu, haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya kilo ya karafuu mliyoitaja. Cottonii ndiyo yenye bei, lakini maji ya ufukweni yamepata joto, inaoza kambani. Wataalamu wa bahari, akina Dk. Flower Msuya, wameshatwambia dawa ni kusogea kwenye kina, na wakaleta nyavu za mfano wa mirija ili mwani usichukuliwe na mkondo.

Sawa. Kwenye kina kuna nini? Kunatakiwa chombo, na kunatakiwa kuogelea. Wengi wetu hatukufundishwa kuogelea, na chombo hatuna. Basi wanaume waliokuwa wakitucheka, wakituita wafunga majani, ndio wanaoweza kwenda. Mwani ukiwa na bei ndogo ulikuwa wetu, ukipata bei kubwa utakuwa wao. Mtoa mada unasema teknolojia ikishike tulicho nacho. Nakuuliza kwa adabu, kwa mkono wa nani?

Mtoa mada

Bi, shikamoo. Kwa mkono wenu, na hilo linaweza kuandikwa kwenye masharti tokea siku ya kwanza: chombo kinasajiliwa kwa kikundi cha wanawake, hakisajiliwi kwa mume wala kwa mwenyekiti. Na kuogelea kufundishwe. Tuna vituo vya mafunzo ya amali huku Pemba, kimoja kijiji cha Vitongoji na kimoja Daya, vinafundisha ushoni, useremala na umeme. Sioni kwa nini kisiwa kizima kiwe na vituo vya amali bila ya somo la kuingia baharini.

Msimbo, la malipo nakubaliana nawe, lisemwe. Lakini limekutoa wewe, mwenye ujuzi tayari. Kwa kila Msimbo mmoja wapo wangapi waliomaliza kidato cha nne bila ya kupita?

Wa Dodoma

Habari zenu. Mimi ni mtu wa Bara, nafanya kazi hotelini Nungwi, mapokezi. Nasikia kila siku kwamba tumekuja kuchukua ajira. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni 638,498, karibu wote wanashukia Unguja. Hao wageni lazima wapikiwe, watandikiwe, wasikilizwe. Hoteli yetu ilipotangaza nafasi, Wapemba walioomba walikuwa wachache, na waliokuja wengine waliondoka. Mmoja aliniambia wazi kwamba nyumbani hawataki asikie anabeba trei yenye pombe. Namheshimu. Lakini basi nafasi haikuibwa, iliachwa.

Mkojani

Karibu sana ndugu, kula samaki. Ila usisahau kwamba hata wale wasiobeba pombe wanaweza kuwauzia hoteli samaki, mboga na mayai, na vingi vya hivyo mnavileta kutoka Bara. Anzeni hapo.

Aliyerudi

Nilikuwa nasoma tu, lakini hakuna aliyegusa Muscat isipokuwa kwa jina.

Mie nilikwenda kazi za ndani kupitia wakala. Sikwenda kwa ujinga. Nilikwenda kwa sababu ule mshahara ulikuwa na tarakimu, na huku kila kazi niliyoulizia ilikuwa na "tutaonana". Mkataba niliotia saini hapa kwa Kiswahili na ule niliokutana nao kule kwa Kiarabu havikuwa kitu kimoja. Pasipoti ikakaa kabatini kwa mwenye nyumba. Human Rights Watch waliyaandika mambo haya mwaka 2017 kuhusu wanawake wa Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na waliopitia hawakustaajabu. Pamoja na yote, nimerudi na vyumba viwili vya matofali na mdogo wangu amemaliza chuo. Mkiniuliza ningekwenda tena, sina jibu la mkato.

Namuunga mkono mzee wa Kojani kuliko wote hapa. Anayeondoka aondoke na nahodha. Wakala asajiliwe, mkataba usomwe mbele ya ofisa wa kazi kwa lugha zote mbili, na nakala ibaki kwa sheha. Hii ni rahisi kuliko vikaushio na kuliko Fumba, na wanaokwenda ni wengi kuliko watakaopata ajira ya kompyuta.

Msimbo

Dada pole, na ahsante kwa kusema.

Nirudi kwa Mtoa mada. Umasikini wa mahitaji ya msingi Zanzibar umeshuka kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15 hadi 25.7 mwaka 2019/20, na nafuu hiyo imekuja zaidi Unguja, kwenye utalii na ujenzi, yaani mahali ambapo fedha zimelundikana. Mie nasema waache watu waende zilipo. Kisha waboreshewe njia: boti ya uhakika, uwanja wa ndege wa Pemba, barabara ya Chake hadi Mkoani. Njia nzuri inaleta mgeni na inampeleka mtu kazini, wala haichagui zao. Wewe unataka kuchagua zao.

Mtoa mada

Nachagua, ndiyo, kwa sababu kutochagua nako ni kuchagua Mjini Magharibi. Hiyo barabara ikikamilika na Pemba haina cha kusindika, itakuwa imetuharakishia safari ya bandarini. Karafuu yenyewe inatufundisha. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikapona, na tokea hapo wakati wa vuno kubwa watu ndio wanaovuka kuja huku, wanapanga vyumba, wanakula kwa mama ntilie, Mkoani inachangamka. Kazi ikiwapo, maji yanavukwa kwa pande zote mbili. Tatizo letu ni kwamba vuno kubwa haliji kila mwaka na likipita hakuna kinachofuata. Kiwanda cha mwani cha Chamanangwe ndicho cha kukijazia pengo hilo, lakini kinataka mwani wenye bei, na mwani wenye bei uko kwenye kina alikosema Bi wa Tumbe.

Mie nitamuandikia mwakilishi wa jimbo letu kabla ya vikao vya bajeti. Namuomba aulize mambo matatu kwenye Baraza la Wawakilishi. Kwanza, ajira zote zilizotokana na maeneo huru ya uchumi, kama hilo la Fumba, zitajwe kwa wilaya aliyotoka mwajiriwa. Pili, vyombo vya mwani vilivyogawiwa vimesajiliwa kwa majina ya nani. Tatu, mkataba wa anayekwenda nje unasomwa na nani kabla ya kusainiwa. Mwenye la kuongeza aseme leo, barua naipeleka Jumatatu.

Msimbo

Ongeza la kupokea malipo kutoka nje. Nitakuandikia aya moja usiku huu, yenye mifano.

Bi wa Tumbe

Kwenye la pili uandike pia na mashine ya boti, si chombo peke yake. Chombo walitupa, mashine ikakaa kwa mtu.

Mkojani

Na barafu.