Nafunga injeksio kwa FJ60 ya karbiratere, hizi tiyo za moshi nizitoe ao zibaki?

Ruzizi4x4 (Bukavu)
Jambo bandugu. Niko na Land Cruiser FJ60, moteri 2F, ilitokaka Marekani na bado iko na mitambo yake yote ya moshi, EGR (inarudisha moshi kidogo ndani ya moteri), kanista ya makaa (inameza mvuke wa esansi), pompi ya hewa, katalizere (inasafisha moshi kwa eshapema). Karbiratere imechoka, nikipanda Kadutu moshi mweusi na arufu ya esansi mpaka ndani, basi nimeagiza injeksio ile inakaa pahali pa karbiratere. Mekanisie anasema tuzibe tiyo zote eti kalkilatere (kompyuta ya injeksio) haina kazi nazo. Mie sitaki, batoto wanapanda hii gari. Nani amefunga na vyote vikabaki vinatumika?

Bujie_Mweusi
Toa yote ndugu. Bukavu hii nani atakupima moshi?

MzeePistoni
Bujie wacha mambo yako. Ruzizi, karbiratere yako inazidisha esansi juu huku tuko mita 1500 na hewa ni nyepesi, injeksio itasoma presio ya hewa na kujirekebisha, hiyo peke yake itapunguza moshi. Tiyo ya EGR na ya kanista uzichomeke kwa tundu lile liko juu kidogo ya papiyo (kile kifuniko kinafungulia hewa ukikanyaga gazi), lisilovuta kwa ralanti (moteri ikizunguka polepole bila gazi). Ukizichomeka chini kwa kolekteri ya hewa zitavuta muda wote, EGR itafunguka gari ikisimama, moteri itatetemeka ao kuzimika, watu waseme injeksio ni mbaya. Ile ya mvuke wa karteri (chini ya moteri, kwenye mafuta) ndiyo inaenda chini, na valvu yake ibaki. Na usizibe pumzi ya tanki! Esansi inayorudi toka mbele inarudi na moto, mvuke unaongezeka, kanista ndiyo inaumeza.

Ruzizi4x4
Aksanti mzee. Na pompi ya hewa?

MzeePistoni
Hapo ndipo wengi wanaanguka. Kwa 2F inapuliza hewa safi kwenye kilasi, pale moshi unatokea moteri, kabla ya sonda lambda (inapima oksijeni ya moshi). Sonda inaona oksijeni, inadanganya kalkilatere kwamba esansi ni kidogo, inaongeza, moshi unarudi na katalizere inapata moto mpaka inaharibika. Uiamishe hiyo hewa iingie nyuma ya sonda, mbele ya katalizere, hiyo ni kama katalizere ni ya zamani ya kuunguza tu. Ukiweka mpya ya njia tatu yenyewe inataka hewa 14.7 kwa esansi 1, hewa ya ziada inaiharibia kazi, hapo pompi unaweza kuilaza.

Kalkilatere_Goma
Naongeza, eshapema ikivuja mbele ya sonda ni uongo ule ule, joenti za kolekteri ya moshi zibadilishwe kwanza. Na tiyo za kaucu za karbiratere hazivumilii bar 4, zitapasuka juu ya moteri ya moto.

Bujie_Mweusi
Sawa nimenyamaza, lakini Marekani kwenyewe si wanatoa hizo vitu?

MzeePistoni
California kit ya injeksio bila namba ya ruhusa ya CARB (ofisi yao ya kulinda hewa) haipiti kontroli, ndiyo maana uangalie kabla ya kulipa. Na ukinunua esansi kwa kadhafi (wauzaji wa barabarani), weka filtre ya mikroni 10 mbele ya injekta, bila hiyo usianze hata kufungua karbiratere.

Ruzizi4x4
Sawa mzee. Mekanisie nimemutumia hii yote, anauliza ile tundu ya juu ya papiyo iko upande gani, kit ikifika nitaweka foto hapa.