Mbao za padeli Bukavu: mnazuia garanti zetu kwa vidonda ambavyo utepe ungevizuia

Jambo wote. Uzi huu ni wa wenye mbao za padeli za kukodisha, zile ambazo mtu anasimama juu yake majini na kujisukuma kwa kafi, kando ya Ziwa Kivu hapa Bukavu. Wateja wenzangu nao wausome mpaka mwisho kabla hawajaacha tena dola zao mezani.

Jumamosi nimenyimwa garanti yangu ya dola 50, ile pesa unayoacha mpaka urudishe ubao. Sababu niliyopewa: "Mama, umeumiza ubao." Kwenye ukingo wa kushoto, upande wa mbele, kulikuwa na vidonda vya kugongwa na kafi, kimojawapo kipana kama ukucha wa dole gumba. Nikainama nikaviangalia vizuri. Kidonda kipya cha ubao huwa cheupe. Rangi imebanduka na nyuzi za faibaglasi zinaonekana safi. Vile vilikuwa vyeusi pembeni, uchafu umeshajipenyeza chini ya rangi, na kimoja kimeota mwani. Mwani hauoti kwa saa moja. Nikabonyeza kile kikubwa, yakatoka maji, tone baada ya tone. Nikamwonyesha kijana anayepokea mbao. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi naandika tu. Patroni ndiye anaamua, na mimi pia ananikata." Pesa haikurudi.

Dola 50 zinauma. Lakini kinachonichemsha zaidi ni kwamba uharibifu huu unajulikana hata kabla ubao haujagusa maji. Mtu yeyote anayeanza kupiga kafi akiwa amesimama atagonga ukingo. Hajajua bado kuusimamisha mpini wima, mkono wa juu utoke nje juu ya maji. Anauvuta mpini kwa mshazari na unausugua ukingo kila anapovuta. Upepo ukimsukuma kutoka ubavuni, inabidi apige upande mmoja tu mfululizo ili ubao usigeuke, na kila pigo linatua palepale. Ndiyo maana vidonda vyote viko sehemu moja: kuanzia mbele, pale mkono unapofika ukijinyoosha, mpaka usawa wa miguu. Ukiwa na mbao za kukodisha unaijua sehemu hiyo. Unaiona kila jioni unapozipanga.

Na makafi yenu? Yote ni ya urefu mmoja. Kafi linatakiwa kuwa urefu wako na shubiri moja juu yake, hapo unapiga bila kuinama na bila kupapasa. Mimi ni mfupi, nilipewa la mtu mrefu. Nilipouliza kama kuna lingine nikaambiwa yote ni hayo. Yako makafi ya kurefusha na kufupisha kwa kibano, na kwa biashara ya kukodisha ndiyo yanayofaa. Halafu bapa zenyewe, ile sehemu pana ya kafi inayoingia majini, zimeliwa na mawe mpaka kingo zake zinakata. Unampa mtu kisu cha plastiki, unamwambia akipitishe kando ya ubao kwa saa nzima, kisha unamdai pesa kwa kuukata!

Dawa ya jambo hili ipo na dunia nzima inaitumia: utepe mwangavu wa plastiki ya poliyurethani unaobandikwa kwenye ukingo, upana wa sentimita kati ya 5 na 10. Ni jamii moja na ile filamu wanayobandika kwenye magari kukinga rangi isiliwe na changarawe. Haubadilishi uzito wa ubao kwa kiasi cha kusikika. Ukichakaa unaubandua, unabandika mwingine, na ubao chini yake bado mzima. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Unafuta ukingo kwa spiriti mpaka mafuta yaishe, unanyunyizia maji yenye sabuni kidogo ili utepe usishike kabla hujaunyoosha, unaulaza kuanzia katikati kwenda pembeni huku ukisukuma mapovu kwa kadi ya plastiki. Penye mkunjo unaupasha kwa mashine ya kukaushia nywele, unalainika na kufuata umbo. Ncha unazikata kwa mviringo, maana pembe kali ndiyo inayoanza kunyanyuka. Unauacha ushike mpaka kesho yake ndipo ubao uingie majini. Skochi ya kufungia makarton haifai kabisa: jua linaikausha, inapasuka, inaacha gundi. Na kama hata utepe ni mzigo, basi zungushieni mpira wa ndani wa baiskeli iliyokufa pale chini ya mpini, karibu na bapa. Huo hauhitaji kuagizwa popote.

Sasa nisikilizeni kuhusu vile vidonda ambavyo havitibiwi, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Ndani ya ubao mgumu kuna frigoliti, ileile inayofungiwa televisheni mpya. Nje yake ni ngozi nyembamba ya faibaglasi na epoksi, aina ya resini, yaani gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu. Ngozi ikishatoboka, ubao unavuta maji, na hautoboki ukasubiri. Mbao mnaziacha zimelala juani tangu asubuhi. Hewa ya ndani inapanuka na kutoka kupitia ufa. Kisha mteja anauingiza ghafla kwenye maji ya Kivu, nyuzi 23 au 24 hivi. Hewa inanywea, na pale ilipotokea panavuta maji ndani. Kila siku hivyo. Baada ya muda ubao unakuwa mzito, unakaa chini majini, unayumba, ngozi inaanza kuachana na frigoliti. Ubao kama huo ndio mnaompa mtoto wa watu aende nao mbali na ufuko, kwenye ziwa ambalo kina chake kinapita mita 400. Wengine hata jaketi la uokoaji hamuwapi mpaka waombe.

Mnapoamua kutengeneza, mnamwita fundi wa kunyoosha bodi za magari. Simlaumu, yeye anaijua kazi yake kwenye mabati. Lakini resini yake ni ya poliesta, na ndani ya poliesta kuna kemikali ya sitirini inayoyeyusha frigoliti. Anapaka juu, panang'aa, na chini panazidi kuchimbika. Nimeuona ubao wa namna hiyo: ukigonga kwa kidole panalia tupu. Kwa frigoliti ni epoksi, hakuna mjadala. Na kabla ya epoksi ubao ukaushwe kivulini, kidonda kikiangalia chini, hata kama ni wiki kadhaa. Kubandika utepe juu ya kidonda chenye maji ni kuyafungia ndani.

Najua mtasema vifaa ni ghali na safari ya mzigo mpaka Bukavu ni ndefu. Ni kweli, kila mtu hapa anajua kodi na barabara zetu. Lakini garanti za wateja wachache tu zinanunua utepe wa mbao zote, na kwa nilivyoona, pesa hiyo hainunui hata kopo la epoksi. Kama ingekuwa inaenda kwenye ubao, mwani ungetoka wapi?

Ninachodai ni hiki. Kabla sijaondoka tuuangalie ubao pamoja, mimi na kijana wenu, tuupige picha kingo zote mbili kwa simu yangu na yake. Kilichokuwepo hakinihusu. Ubao usio na utepe, alama za kafi ziwe juu ya mwenye ubao. Na acheni kumkata kijana mshahara kwa kitu ambacho hana uwezo wa kukizuia.

Ndugu zangu wa Goma, najua huko mawe ya lava ndiyo yanayokula mbao zaidi, lakini kwenye garanti mnatendewaje? Aliyewahi kurudishiwa yake aseme alifanya nini. Na mwenye kujua duka lenye epoksi ya kweli na filamu ya magari, iwe Bukavu au Goma, aandike mtaa na bei hapa chini.