Farasi mzee ninayemwamini, au wa kuazima mwenye alama nzuri?

Mpanda wa Raskazone aliuliza:

Wanajukwaa, salaam. Nina farasi aliyehasiwa mwenye umri wa miaka 16, jina lake Kusi, ambaye nimempanda kwa miaka tisa katika shamba lililo njia ya Pangani. Mwezi wa nane ninatarajia kuingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya siku moja ya wapanda farasi wa ridhaa huko karibu na Arusha, yale ya fani tatu ambayo farasi na mpandaji wale wale huonyesha dresaji (miondoko ya utaratibu ambayo farasi huifanya kwa amri ya mpandaji), huruka viunzi vya uwanjani, kisha hukimbia mbio za nyika juu ya magogo, mitaro na madimbwi ya maji.

Jamaa mmoja wa huko amekubali kuniazima farasi jike wa miaka tisa, mwenye mwendo wa kupendeza, ambaye kwa kawaida hupata alama 70 kwa 100 katika dresaji. Kusi, hata siku aliyoamka vizuri, hapati zaidi ya 60, kwa kuwa shingo yake hukakamaa kama nguzo mara tu anapoona mstari wa chokaa. Hata hivyo, katika miaka yote hiyo amekataa kuruka mara moja tu, siku alipokuta mtumbwi uliofunikwa turubai jeupe. Rafiki zangu wanasema mapenzi yamenipofusha. Naomba ushauri wa waliowahi kushindana.

Karani wa Chumbageni alijibu:

Ndugu, tuanze na hesabu. Kwa kanuni za kimataifa, asilimia ya dresaji hutolewa katika 100, na kinachobaki ndicho deni mnaloanza nalo. Mwenye deni dogo kuliko wote mwishoni ndiye mshindi. Kusi ataanza akidaiwa 40 na yule jike 30, kwa hiyo tofauti yao ni 10. Uwanjani, kila kiunzi kinachoangushwa ni 4. Katika mbio za nyika, kukataa mara ya kwanza ni 20, kukataa tena kiunzi hicho hicho ni 40 nyingine, na mpandaji akianguka safari yake imeishia hapo. Jike akikukataa mara moja tu, faida yake yote imekwisha na ameongeza deni la 10 juu yake. Na farasi asiyekujua ana kila sababu ya kukukataa.

Lakini usiisahau saa. Kila sekunde inayozidi muda uliowekwa ni 0.4, kwa hiyo ukimwendesha Kusi kwa kumhurumia na kuchelewa sekunde 50, umelipa 20 sawasawa na aliyekataliwa. Mimi ningemchukua Kusi, ila ningempima kwa saa kuanzia wiki hii.

Mzee wa Pongwe alijibu:

Nimekuwa daktari wa mifugo hadi nilipostaafu, na swali langu kwako, mwanangu, ni hili: damu ya Kusi ilipimwa lini? Njia ya Pangani ina mbung'o, na farasi mwenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mdudu huyo, iliyojificha anaweza kula vizuri, akatembea vizuri, kisha akaishiwa pumzi katikati ya mbio. Sisi wa Tanga hatuna udhuru wa kulipuuza jambo hili, maana ni hapa kwetu walipozalishwa mbung'o madume waliohasiwa kwa mionzi, waliosaidia kumtokomeza mdudu huyo Unguja, kisiwa kilichotangazwa kuwa hakina mbung'o tena mwaka 1997. Uliza pia kuhusu chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, na umwingize bandani kabla ya magharibi, kwani visubi wanaoueneza hutembea zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri.

Kuhusu umri, miaka 16 si hoja kwa farasi mwenye miguu mizima. Akipumzika, mapigo ya moyo wake huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Mpe mazoezi ya shoti, kisha umpime baada ya nusu saa, na ukikuta bado yamezidi 64, ujue umemzidishia. Baada ya mbio, mmwagie maji baridi mwili mzima, tena na tena. Wazee wetu waliamini kwamba maji baridi humkaza misuli, lakini utafiti uliofanywa kabla ya Olimpiki ya Atlanta ya 1996 ulionyesha kwamba hayamdhuru na humpoza haraka. Safari ya zaidi ya kilomita 400 ndani ya lori pia ni kazi, kwa hiyo fikeni mapema, apate siku mbili za kupumzika.

Mama Kaole, Bagamoyo, alijibu:

Sikubaliani kabisa na Karani, ingawa hesabu yake ni sahihi. Michezo hii ilianza kwa farasi wa maofisa wa jeshi, ikaingia Olimpiki mwaka 1912 huko Stockholm (sisi wanawake tulisubiri hadi 1964), na kilichopimwa ni kama farasi atamsikiliza bwana wake mahali asipopajua. Njia ya mbio za nyika hukaguliwa na mpandaji kwa miguu, ilhali farasi haonyeshwi kitu. Huruka kwa sababu wewe umemwambia. Je, Kusi amewahi kukusikiliza nje ya shamba lenu?

Mimi nilikuwa na jike niliyemwamini kama dada yangu. Aliruka kila kitu pwani, kisha ugenini akasimama mbele ya mtaro mdogo ambao hata mbuzi angeuvuka, nami nikaangukia mtaroni kwa bega. Sikumlaumu, kwa kuwa sikuwa nimemzoesha mitaro.

Mpanda wa Raskazone:

Shikamoo, Mzee, na shikamoo, Mama. Ukweli ni kwamba Kusi hajawahi kutoka nje ya wilaya. Damu itapimwa Jumatatu, na kuanzia wiki ijayo nitamtembeza katika mashamba ya Muheza, ambako mitaro haihesabiki. Turubai jeupe nimekwisha kulinunua. Tangu jana limetandazwa mlangoni mwa banda, naye bado anapita pembeni.