Nina miaka 38, nipo kwenye taa na Altezza nawaza bati. Wenye umri, hamu ya gari huwa inarudi?

ChumaChakavu

Wakuu habari za jioni. Nimeamua kuja kuuliza huku kabla sijamwambia mke wangu, maana yeye atafurahi na mimi sitaki afurahi mapema hivo.

Iko hivi. Nina Toyota Altezza RS200, ile ya kukanyaga klachi, gia sita, injini 3S yenye farasi 210. Nimeichukua 2014 nikiwa na miaka 26, sina kiwanja, sina hata kitanda, nalala godoro chini pale Sinza ila nje kimepaki chuma. Mshahara ukitoka hesabu ya kwanza gari, ya pili gari, chakula tutaona mbele ya safari. Spoti rimu inchi 17 nilizitafuta Ilala wiki tatu nzima, nikakata springi gari ikalala chini mpaka nikifika kwenye tuta navuka kiubavubavu kama kaa, abiria wote washuke kwanza, kuna siku nilimshusha bosi wangu. Na ekzosi ndo usiseme, mtaa mzima ulikuwa unajua nimerudi saa ngapi.

Mavazi nayo yalikuwa sehemu ya gari. Raba pea kumi na moja (nilikuwa nazihesabu), kapelo nne, tisheti nyeusi ya kundi letu yenye mchoro wa gari mgongoni. Siku ya kukutana na wana naanza kuosha raba kwa mswaki alafu ndo naosha gari. Nikivaa kadeti najiona kama mwalimu wa zamu.

Sasa juzi Jumamosi niko kwenye taa za Mwenge, pembeni yangu kuna dogo na Crown Athlete anakanyaga mafuta, wuuu, wuuu, ananiangalia. Zamani pale hata sentensi asingemaliza. Mnajua nilikuwa nawaza nini? Bati. Naapa. Nilikuwa nahesabu bati za geji 28 zinazohitajika kumalizia nyumba ya Goba, na kama fundi ananipiga kwenye mbao. Taa imeruhusu, dogo kaondoka, bajaji ya nyuma ndo ikanishtua kwa honi.

Nimefika nyumbani nikakaa ndani ya gari kama dakika kumi. Nimevaa kadeti. Na moka.

Nina milioni 6 nilizokuwa nimezitenga kwa ajili ya kufungua injini na kupiga rangi upya. Nataka kuzipeleka kwenye bati, na gari pengine niuze kabisa maana sahivi natembelea IST ya mke, hii inatoka mara moja kwa wiki mbili. Swali langu ni kwa waliovuka 45 na kuendelea: hii hamu huwa inarudi au ndo imeenda? Maana nikiuza alafu ikarudi, nitaumia sana.

DogoWaTandika

Mkuu pole kwa uzee. Unauza bei gani? Picha weka.

BeltiNaCheni

Nina 46, fundi, na niliwahi kuwa mjinga kukuzidi wewe, kwahiyo nisikilize vizuri.

Kwanza hizo springi ulizokata zilikula shokapu, zikala bushi, zikala matairi upande wa ndani, na wewe ukawa unasema "gari za Mjapani za zamani ndo zilivyo". Hapana, ni wewe. Mimi nilikuwa na daftari naandika kila shilingi inayoingia kwenye Toyota GX100 yangu, mwaka 2011 nikajumlisha nikalifunga lile daftari sijalifungua tena, lipo mpaka leo juu ya kabati mke wangu anadhani ni la madeni.

Niliuza ile gari. Nikachukua Noah kwa sababu ya watoto, na miaka saba nilikuwa nasema gari ni chombo cha kukutoa hapa kwenda pale, yaani nilikuwa nawacheka watu kama wewe. Alafu mtoto wa mwisho kaenda bweni, nyumba imekuwa kimya, siku moja mteja kaniletea GX100 nyeupe, haijaguswaguswa, ina taimingi belti ya kubadilisha tu. Nikaiwasha. Ile 1G inavyozunguka kimya kimya, silinda sita kwenye mstari mmoja... nilimwambia mteja arudi kesho, sio kwamba kazi ilikuwa kubwa, nilitaka ilale kwangu.

Sasa ninayo nyingine. Nimeinunua mara mbili ya bei niliyouzia ile ya kwanza na ina hali mbaya kuliko ile ya kwanza. Ndo jibu langu hilo kuhusu kuuza.

Ila imerudi tofauti, hilo nikuambie. Zamani nilikuwa naweka hela sehemu inayoonekana: rimu, taa, bampa, mziki. Sahivi naweka brekipedi mpya, matairi mapya (sio yale ya mtumba ya kwenye foleni ya kuchagua kama viatu), raba za milango ili upepo usilie. Hakuna mtu barabarani anajua. Nimeirudisha juu kwenye urefu wake wa kiwandani na nikapita kwenye rasta (vile vituta vidogo) za Kibaha bila kumshusha mtu, nilisikia raha ya ajabu.

Kuhusu kupaki: ile road licence ya kila mwaka ilishafutwa tangu 2017, ikahamishiwa kwenye lita ya mafuta, kwahiyo gari iliyolala haikudai chochote serikalini kama zamani ambapo unakuta chuma kimekaa juu ya mawe na deni linapanda. Wewe chomoa betri, jaza matairi upepo wa kutosha, panya wasipate njia, na uiwashe na kuitembeza mpaka ipate moto kila wiki mbili. Usiwashe dakika tano ukazima, hiyo ni kuiharibu.

Milioni 6 peleka kwenye bati. Mvua haisubiri.

DogoWaTandika

Fundi na wewe unamharibia mteja wangu. Mi nataka Mark X ya kuagiza ila Altezza nikipata kwa bei ya mchizi naahirisha.

BeltiNaCheni

Wewe hiyo Mark X ishapita miaka kumi, una ushuru wa uchakavu 30% hapo. Injini imezidi cc 2000 kwahiyo ushuru wa bidhaa 10%, forodha 25%, VAT 18% juu ya mkusanyiko wote. Kaa chini na kalkuleta kabla hujaingia kwenye magroup kusema unashusha chuma mwezi wa sita. Ndo maana mji mzima umejaa IST, watu sio kwamba hawapendi vitu vizuri.

KangaKwenyeButi

Mmeongea kama vile gari zinapendwa na wanaume tu. Haya na mimi niseme.

Mimi nina 41. Gari yangu ya kwanza Vitz nyekundu, nikaifunga rimu, nikaweka mziki ambao ulikuwa mkubwa kuliko buti, na viti nikavishonea vitambaa vyeupe. VYEUPE. Kwa Dar hii. Nilikuwa naendesha na viatu virefu kisa picha ya kushuka kwenye gari, kuna siku kisigino kilinasa chini ya pedali pale Morocco, Kinondoni, nikasimamia mlango wa daladala, konda hakunitukana hata, alinihurumia, na ile huruma ndo iliniuma.

Sasa hivi chini ya kiti kuna ndala za kuendeshea, kwenye buti kuna kanga mbili, mwavuli, maji ya lita tano na jeki ambayo najua kuitumia. Nikialikwa msibani, harusini, gari ikizima porini, kanga inafanya kazi zote. Miaka 25 nilikuwa nanunua nguo iendane na gari, leo nanunua gari ambalo likishika vumbi mtu hajui, nimechukua la rangi ya fedha makusudi.

Ila bado napenda gari. Ninachopenda kimehama tu. Nikiwa peke yangu saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Bagamoyo haina mtu, nazima redio. Zamani ningeshusha vioo ili wanione. Siku hizi napandisha. Wanaume zangu wa hapa mkisikia injini mnasema silinda ngapi, mimi nasikia tu kwamba hakuna anayeniita mama kwa dakika arobaini.

ChumaChakavu, umekaa dakika kumi ndani ya gari limezimwa, umevaa moka, alafu unauliza kama hamu imeisha? Mtu asiye na hamu anashuka.

Mtaa_wa_Ngara

Nawasalimu kutoka Nairobi. Huku ni Subaru bana, na stori ni ile ile. Nilikuwa na Forester ya turbo, koti la bluu, kofia ya bluu, hadi soksi za bluu kutoka Gikomba, jamaa zangu wananiita bendera. Ikifika wikendi ya Safari Rally, yale mashindano ya magari, tunajaza gari watu watano twende Naivasha, pesa yote inaishia kwa mafuta na nyama. Tangu irudi kwenye ratiba ya dunia 2021 nimeenda kila mwaka, lakini sasa naenda na kiti cha kukunja, kofia pana ya jua na thamosi ya chai, na nimepaki mbali mahali naweza toka bila kusukumwa. Vijana wananiuliza mzee gari yako ipi, naonyesha Probox. Wanacheka. Wakikwama kwa tope jioni wanajua nani ako na kamba.

Usiuze. Huku kwetu ikipita miaka 8 haingii nchini kabisa, hizo za miaka yenu tunazitafuta hatuzipati.

BabuWaMombo

Wanangu, shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamjanipa. Mimi nina miaka 66, mjukuu ndiye aliyenionyesha mjadala huu, nami nimeona nichangie kwa sababu mnaongea kana kwamba jambo hili limeanza na Mjapani wa silinda sita.

Nikiwa mtoto kule Mombo, Pasaka ilikuwa na vitu viwili: nguo mpya na magari ya Safari. Miaka ile mashindano yalikuwa ya Afrika Mashariki yote, yakipita hadi kwetu Usambara, na yalifanyika wikendi ya Pasaka. Mama alininunulia kaptula ya kaki na shati jeupe, mwaka mzima unasubiri shati hilo moja. Tukitoka kanisani tulikimbia moja kwa moja barabarani. Gari linakuja, kwanza unaona vumbi, kisha unasikia, kisha limepita, na wewe umegeuka mwekundu kuanzia nywele hadi kucha. Tulikuwa tunabishana nani ameliona la Joginder Singh, dereva bingwa wa Safari, kila mtu anasema yeye. Nilichapwa kwa ajili ya lile shati, na Pasaka iliyofuata nikachapwa tena.

Nilipopata kazi nilinunua Datsun 120Y ya mkono wa tatu. Nilikuwa na suti mbili za Kaunda, moja ya kazini na moja ya Datsun. Nyinyi mnazungumzia kukosa muda wa gari, sisi tulikosa mafuta. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Jumapili ikifika saa nane mchana gari la binafsi halikuruhusiwa barabarani bila kibali. Basi ilikuwa unaamka asubuhi, unaoga, unavaa ile suti, unamchukua mchumba wako, mnaenda mnakoenda, na macho yako yote kwenye saa. Saa saba na nusu watu wazima wenye heshima zao wanakimbizana kurudi nyumbani kama kuku jioni. Huyo mchumba ndiye bibi wa huyu mjukuu anayenichapia. Siku moja tulichelewa, nikaliacha gari kwa rafiki Magomeni tukatembea kwa miguu hadi kwao Ilala, baba yake akanipenda tangu siku hiyo, akidhani sina gari.

Spea nilikuwa naandikia barua kwa ndugu aliyeko Mombasa, inakuja baada ya miezi. Kwa hiyo ulijifunza kusikiliza gari mapema kabla halijaharibika, kama unavyomsikiliza mtoto anayekohoa usiku. Pesa ya mapambo haikuwepo, na hata ingekuwepo ungepamba na nini? Tulipaka matairi rangi nyeusi ya viatu.

Kati ya miaka 35 na 55 sikulipenda gari lolote. Ninasema kweli. Nilikuwa na pikapu ya kubebea mahindi na watoto wa shule, nikiliona gari zuri naona ada imetembea. Sasa nina Pijo 504 ambayo mwanangu anaiita chuma chakavu kama jina la huyu muulizaji. Inatoka Jumapili tu, na kwa mazoea ya kijinga nikifika saa nane nageuza kurudi.

Nguo zangu sasa ni kaptula ya kaki na shati jeupe, bibi amechoka kunisema kuhusu grisi.

Kijana, ezeka nyumba. Gari liweke ndani, usiliache juani.

ChumaChakavu

Shikamoo babu. Nimesoma hiyo ya Magomeni hadi Ilala mara mbili, mke wangu akaniuliza nacheka nini ikabidi nimwonyeshe uzi wote. Kasoma kimya, kafika pale niliposema "sitaki afurahi mapema hivo", kaniangalia, kasema chakula kipo mezani. Sijui tafsiri yake.

Mrejesho: milioni 4 na nusu zimeenda kwenye bati, mbao nimebadilisha fundi. Iliyobaki nimenunua shokapu na springi za urefu wa kawaida, BeltiNaCheni ntakutafuta pm, usiniandikie daftari.

Leo asubuhi nimeiwasha, betri ilikuwa imelala tukaishtua kwa waya kutoka kwenye IST, aibu ya mwaka. Nikampakia mwanangu wa miaka mitano tukazunguka hadi Tegeta na kurudi. Njia nzima kaziba masikio. Tumefika kaniuliza, baba kwanini hili gari linagomba? Nikamwambia halina hasira, ndo sauti yake. Akasema tena kesho.

DogoWaTandika

Kwahiyo hauzi.

ChumaChakavu

Ekzosi nauza. Raba pia zipo pea sita, namba 42, karibu hazijavaliwa.

DogoWaTandika

Raba niwekee. Mi 43 ila zitaingia.