Re: Mkataba wa muziki wa gemu, na miadi ni Jumanne

Kinanda: Shikamooni wakubwa. Jumanne nina miadi ofisi ya wageni hapa Ujerumani, kibali changu cha ukaaji cha kujiajiri (§21) kinaisha. Karani kakataa barua ya nia, anataka mkataba uliosainiwa. Mkataba ninao: studio ya Marekani, muziki wa gemu dakika 40, euro 300 kwa dakika. Shida kifungu cha 7: haki zote ni zao milele, na nikiri kwamba si mwanachama wa chama chochote cha hakimiliki. Mimi niko GEMA, chama cha hakimiliki za muziki cha Ujerumani, tangu 2021! Nisaini, au niende mikono mitupu?

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Usisaini uongo. Haki za kupigwa hadharani ulishawakabidhi GEMA, utamuuziaje mtu mbuzi aliye kwenye zizi la mwenzio? Mimi 2016 nilisaini kama hicho. Trela, tangazo lenye muziki wangu, ikapigwa kila kona, nikatumiwa fulana. Saizi ya mtoto.

Fundi Sauti: Sahihisho, mama. Huku Ujerumani hakimiliki yenyewe haiuziki, §29 ya sheria ya hakimiliki. Unatoa haki ya kutumia tu. Ila kama mkataba unafuata sheria ya Marekani, hapo ni ngoma nyingine. Dogo, mkataba unaruhusu marekebisho mangapi? Mimi niliandika "mpaka mteja aridhike", lupu (kipande cha kujirudia) ya sekunde 90 nikaifanya upya mara 11, mwishowe wakachukua ile ya kwanza. Na W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa wageni, ujaze, usije ukakatwa asilimia 30 kwenye mrabaha.

Mzee wa Bandari: W-8BEN itamsaidia nini Mtanzania? Hatuna mkataba wa kodi na Marekani.

Fundi Sauti: Mzee, kwa heshima zote, soma fomu. Inauliza unalipa kodi wapi, si pasi yako ya wapi. Anaishi Ujerumani, mkataba wa kodi ni wa Ujerumani na Marekani, makato ya mrabaha ni sifuri.

Mzee wa Bandari: Nimesoma fomu kabla hujazaliwa. Hoja yangu ni pasi. Wakenya wana uraia pacha tangu katiba ya 2010, sisi wa diaspora tunaimbiwa "hadhi maalumu" tu. Dogo angekuwa na pasi ya hapa bila kuitupa ya nyumbani, huyo karani angemjulia wapi?

Dada Upepo: Siasa tena. Kinanda, uko KSK, mfuko wa bima ya jamii wa wasanii? Ofisi ya wageni watauliza na bima ya afya.

Mama Neema: Halafu hao Wamarekani wasimbanie. Muziki wa gemu wa kwanza kushinda Grammy, 2011, si Baba Yetu ya Civilization IV? Kiswahili kitupu! Kijana wangu aliifungulia sebuleni, mie jikoni nakoroga ugali wa semolina, nikaacha mwiko. Nilisikia kwaya yetu ya Machame, besi wamechelewa kama kawaida yao.

Kinanda: KSK nimo. Asanteni sana. Kwa hiyo kifungu cha 7 nakikata kwa kalamu, au nawaandikia kwanza? Leo ni Jumapili.

Dada Upepo: Mama, Machame ipi? Mie wa Uswaa!