Ngazi za Malindi

*Kikundi: Watoto wa Bi Mwana*

Rukia (Fuoni): Asalam alaykum. Mama kateleza tena ngazini. Mzima alhamdulillah, goti tu limechubuka. Kipandio kile kile cha juu kilicholika katikati.

Haji (Muscat): Waalaykum salam. Pole yake. Nyumba ile ya Mji Mkongwe tuiuze, yakhe. Ghorofa tatu kwa mtu mmoja wa miaka 72?

Rukia: Uiuze weye na nani? Warithi saba, wawili wako Dubai na ami hashiki simu 😅

Nassor (Leicester): Huku wakistaafu wengine wanahamia fleti ndogo za wazee. Mlango wako, jiko lako, na chooni inaning'inia kamba nyekundu. Ukianguka unaivuta, anapokea mtu.

Mamkubwa Zuwena: Analipa nani mwanangu?

Nassor: Mwenyewe, Mamkubwa. Na akishindwa kujihudumia akaingia nyumba ya matunzo, hapo ndo kazi. England ukiwa na mali kupita pauni 23,250 unajilipia, na kama unaishi peke yako, hata nyumba yako wanaihesabu. Wengi wanaiuza.

Mamkubwa Zuwena: Astaghfirullah.

Haji: Kwani Sebleni si nyumba za wazee za serikali?

Mamkubwa Zuwena: Haji! Sebleni na Welezo ni za wazee wasio na mtu. Mamako ana watoto watano. Amzibie nafasi mwenye shida, na sisi tuwe hadithi ya kila baraza Malindi?

Haji: Nimeuliza tu, Mamkubwa. Nisamehe.

Rukia: Aje kwangu basi. Chumba kipo, hakina ngazi hata moja.

Salma: Da Rukia, mwezi wa Ramadhani Mama alikuja kwako siku tisa. Ya kumi kapanda daladala peke yake karudi mjini. Nyote mnatoka saa 1 asubuhi mnarudi Magharibi, yeye na tivii.

Rukia: Kweli 😔

Kassim: Kuna jamaa anapangisha Michenzani, bei nzuri. Ghorofa ya nne.

Salma: Ya nne! Na lifti ipo?

Kassim: Nimefuta kauli.

Mama: 🎤 1:47

Rukia: Kwa mlio kazini, Mama kasema: "Mnaniuza na mimi nipo humu humu nasoma. Sihami Malindi. Nitashuka chini, chumba alichokuwa Baba yenu akiweka magunia. Juu mpangishe. Asubuhi nikifungua mlango napita kwa Bi Asha, Darajani natuma mtoto, kliniki ya sukari Mnazi Mmoja si mbali. Fuoni nilikuwa nasalimiana na kuku."

Haji: 😂😂 Mama!

Nassor: Kumbe jawabu lilikuwa chini ya ngazi.

Kassim: Msicheke sana, kazi ipo. Chumba kile ukuta wa chini unatoa chumvi, ukiupangusa mkono unajaa unga. Mawe na chokaa ile. Na asije fundi akapiga plasta ya saruji, maji yanakwama ndani na mwaka haupiti inabanduka yote. Chokaa kwa chokaa. Na tukitaka kupanua dirisha lazima kwanza kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe.

Salma: Na choo? Kile cha kuchuchumaa na goti lile?

Kassim: Tunaweka cha kukaa, na chuma cha kushikia ukutani. Ndo kiwe cha kwanza, hata kabla ya rangi.

Nassor: Na kamba 🙏

Kassim: Kengele ya baskeli, ipigwe kwa Bi Asha.

Mamkubwa Zuwena: Atakayepanga juu awe mtu wa familia. Sitaki watalii na chupa zao juu ya kichwa cha dada yangu.

Rukia: Kodi ya juu imlipe msichana wa kumsaidia. Pensheni yake na ile pensheni jamii ya wa miaka 70 zibaki mkononi mwake. Asimwombe mtu hata ya vocha.

Haji: Choo na chuma juu yangu. Na vitu vyake je? Makabati, masanduku, vyombo vya harusi tatu?

Mama: Vyombo gawaneni. Sanduku la njumu la bibi yenu nakuja nalo. Kitanda changu cha samadari pia.

Kassim: Mama, samadari haipiti mlango ule.

Mama: Ilipandishwa vipi juu?

Kassim: Sijui, sikuwa nimezaliwa.

Mama: Ilifunguliwa vipande, tendegu moja moja. Baba yako kazifunga kanga zisichubuke. Njoo kesho baada ya Alasiri na futi, na usije na njaa, nina mikate ya kumimina.