Tupeane uzoefu: mliofika Mlima Elgon, mlikwenda mwezi gani na mlipokewaje?

Mama Watatu, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni nyar nam, binti wa ziwa, na watoto wangu watatu wamezaliwa na kukulia hapa Kisumu. Ziwa wanalijua, mlima hawaujui. Marehemu baba yao alikuwa Mbukusu wa upande wa Chwele, huko Bungoma chini ya mlima, na tangu tumzike tumerudi kwao mara mbili tu, zote za matanga. Sasa shemeji amenipigia simu: kijana wake anatahiriwa Agosti hii, na sisi tunatakiwa tuwepo. Nikawaza, maadamu nauli nitakuwa nimeshatoa, niwapeleke na mlimani kwenyewe: mapango, msitu, na ikiwezekana hadi kule juu kwenye baridi. Nina wiki moja. Tafadhali nielezeni yaliyowakuta.

Dereva, Kitale

Karibu sana, mama. Nimepeleka wageni Elgon miaka mingi, kwa hivyo niruhusu nianze na mvua. Agosti huku kwetu inanyesha. Kunakucha vizuri, jua linawaka, kufika saa nane mchana wingu limeshuka hadi kwenye mahindi. Kutoka Kitale kwenda Endebess hadi lango la Chorlim utafika bila taabu. Shida iko ndani ya hifadhi, kwenye njia za udongo zinazopanda juu. Agosti ya 2024 nilikwama huko na familia moja kuanzia saa tisa hadi usiku, na gari lilikuwa la kuvuta magurudumu yote manne. Watoto walilala ndani wamefunikwa makoti yetu. Askari wa hifadhi ndio waliotukuta wakatuvuta. Tangu siku hiyo sipandishi watoto juu mwezi huo, hata nilipwe vipi.

Mapango ni jambo jingine, yako chini, hayako mbali na lango. Kitum linaingia ndani ya mlima karibu mita 200. Ndovu huja usiku kutafuta chumvi: huingia gizani wakipapasa njia kwa mkonga, wanachokonoa ukuta kwa pembe, kisha wanatafuna yale mawe. Alama za pembe zimejaa ukutani, mistari juu ya mistari, kazi ya vizazi na vizazi vya ndovu. Kila ninapoangazia tochi pale mimi hunyamaza, na wageni nao hunyamaza bila kuambiwa.

Lakini kuna jambo sitaki mtu alifiche. Mwaka 1980 na tena 1987, mtu aliyekuwa ametembelea Kitum aliugua homa ya Marburg akafa. Virusi hivyo hubebwa na popo wala matunda, na popo wamo. Ukiwa na watoto, ishieni mdomoni mwa pango, msiguse kinyesi wala mawe ya ndani, na msikilize askari atakayewasindikiza. Kisha wapeleke Makingeny. Maji yanaanguka mbele ya pango kama pazia, na hapo nje watoto watafurahi kuliko gizani. Wasabaoti wa zamani waliishi katika mapango haya pamoja na ng'ombe wao. Hata jina Elgon limetokana na Wakony, ambao ni Wasabaoti.

Mtembezi, Nakuru

Namuunga mkono dereva. Desemba hadi Februari ndio wakati wa kupanda. Mimi nilikwenda Januari. Gari lilituacha barabara ilipoishia, kama mita 3,500 hivi, tukashika njia ya Koitobos. Kilele hicho ni mita 4,222. Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Kule juu unakuta lobelia na senesio zilizomzidi mtu urefu, na majani yake hujikunja usiku kujikinga na baridi kali. Ukungu ukipita katikati yake utadhani ni watu wamesimama wakikungoja.

Mwenzangu alianza kuumwa kichwa, mara akatapika. Tukamwambia avumilie, kilele kile pale. Lilikuwa kosa, na bado linaniuma. Kiongozi wetu alitugeuza wote bila mjadala, na tuliposhuka kiasi, mgonjwa akaanza kuongea vizuri. Koitobos nilikipanda mwaka uliofuata. Mama, watoto wana umri gani?

Mama Watatu, Kisumu

Mkubwa ni mvulana wa miaka kumi na moja, halafu wasichana wa tisa na sita.

Mwana wa Kimilili

Mulembe, mama. Pole kwa mzee wa nyumba.

Nizungumzie sherehe, maana nimezaliwa ndani yake. Sisi Wabukusu hutahiri Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Mimi niliingia 2002. Kwa siku kadhaa nilizunguka kwa jamaa nikipiga chinyimba, zile njuga za chuma, kuwaalika. Siku ya mwisho nikaenda kwa khocha, yaani mjomba, ndugu ya mama. Alichinja, akanivisha likhoni shingoni, nyama ya kidari cha ng'ombe. Nilirudi nayo nyumbani mbio, mafuta yakinitiririka kifuani, na kundi zima nyuma yangu likiimba. Usiku hakulala mtu. Alfajiri nikapelekwa mtoni nikapakwa matope mwili mzima. Matope ya Agosti yana baridi inayoingia hadi kwenye mfupa. Tulipogeuka kurudi ukaanza wimbo wa Sioyaye, na hapo mtu hana tena njia ya kurudi nyuma. Nikasimama mbele ya nyumba ya baba, macho juu.

Watu hupenda kuniuliza habari za kisu. Ninachokumbuka mimi ni kukhu wangu, yaani nyanya, ambaye wakati huo alikuwa ameshapofuka. Baadaye walimleta kwangu, akanishika uso kwa viganja vyote viwili, matope yamekauka, akawauliza waliomleta, "Alisimama?" Wakamjibu alisimama. Akaurudisha mkono wake kifuani akakaa hivyo kwa muda mrefu.

Kwa hivyo, mama, usiende kama mtu anayekwenda kutazama. Wewe ni mke wa boma lile. Fika siku mbili kabla, ingia jikoni na mashemeji zako, watoto wateke maji na wenzao. Ukipewa busaa, pombe yetu ya kienyeji, na huinywi, sema kwa upole, hakuna atakayekulazimisha. Na jambo kubwa kuliko yote: huyo mvulana wako wa miaka kumi na moja. Ngoma ikikolea, baba zake wadogo wataulizana kwa nini naye asiingie. Ongea na shemeji yako sasa hivi, kwa simu, kabla hujafunga begi. Usingoje mpaka useme pale uani mbele ya watu.

Binti, Kakamega

Naomba niongeze, kwa sababu mimi nilikwenda kutazama, na ninajuta. Tulipelekwa na kampuni moja ya utalii, watu kumi na wawili ndani ya gari, tukashushwa kwenye boma la watu tusiowajua saa kumi na mbili asubuhi. Kijana alikuja kutoka mtoni akiwa uchi na matope, na sisi wote tukanyanyua simu. Mzee mmoja akatoka kwenye umati, akasimama mbele yetu mikono ameitandaza, akasema maneno matatu: "Huyu ni mtoto." Hakupaza sauti. Picha nilizifuta palepale. Mama wa kijana, siku kama hiyo, bado alitutafutia viti na uji. Nimekwenda tena tangu hapo, nimealikwa na rafiki, simu nimeiacha kwenye mkoba. Niliyoyaona mara hiyo siwezi kuyalinganisha na yale ya kwanza.

Mwalimu Mstaafu, Bungoma

Watoto waambiwe kwamba mlima huu kwa baba zao unaitwa Masaba, na kwamba ndugu zao wa Uganda hutahiri mwaka huohuo. Uzinduzi wao huwa Mutoto, karibu na mji wa Mbale. Kutoka Chwele mpaka wa Lwakhakha si mbali. Mkirudi Kisumu, pale Webuye waonyeshe vilima vya Chetambe, ambako Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895, na maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia. Huko hakuhitaji siku nzima.

Mkazi wa Chepkitale

Sisi Waogiek tuko juu kabisa, kwenye nyika iliyo juu ya msitu, na ng'ombe na mizinga yetu. Wengi hupanda mlima bila kujua kuna watu. Tulifukuzwa mara kadhaa, nyumba zikachomwa, na mwaka 2022 mahakama ya mazingira na ardhi kule Bungoma ikatambua haki yetu. Mkija Januari, pitieni kwetu kwanza mseme mmefika. Asali ipo. Mtoto wa huku atawaonyesha njia vizuri kuliko ramani.

Mama Watatu, Kisumu

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwasomea watoto kwa sauti. Mkubwa aliponisikia nikisoma habari za kukhu aliinuka akaenda kusimama mlangoni.

Nimempigia shemeji jana usiku. Nilimwambia kijana atakuja kumshangilia binamu yake, na kwamba akifika umri wa kuamua tutakaa naye chini, yeye na baba zake wadogo na mimi. Shemeji alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mlete tu, mama. Atabeba chinyimba za mwenzake." Nililia baada ya kukata simu.

Kwa hivyo Agosti ni boma. Siku tano Chwele, moja ya mapango, tunaishia mdomoni kama mlivyosema. Juu tutapanda Januari, na Chepkitale tutapita. Dereva, tukifika Kitale tutahitaji nini?

Dereva, Kitale

Gumbuti na sweta. Gumbuti msinunue huko Kisumu, hapa sokoni ni bei nafuu. Niandikie saizi za watoto, niwe nazo garini.

Mama Watatu, Kisumu

Mkubwa 37, wa kati 34, mdogo 30. Mdogo anaomba za rangi nyekundu.